Nyanya Aliyezaliwa Baada ya Mdogo Wake

Kama ulifanya mtihani wa darasa la nane, ule uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, basi yale maswali ya umri unayajua. Baba ana umri mara tatu ya mwanawe. Baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Je, kila mmoja ana miaka mingapi? Nakumbuka jinsi darasa zima lilivyonung'unika mwalimu alipoyaandika ubaoni. Kijana mmoja wa nyuma alisema kwa sauti, "Si aulizwe tu baba mwenyewe!" akachapwa kwa kusema kweli.

Mimi pia nilikuwa upande wa huyo kijana. Hata baada ya kusomea kompyuta na kuanza kulipwa kwa kuandika programu, niliamini kwamba maswali hayo yalitungwa na watu waliokosa kazi. Nani duniani anajua kwamba umri wake ni theluthi mbili ya umri wa mwenzake lakini hajui umri wenyewe? Nilibadilisha mawazo mwaka 2017, nyumbani Mosocho, na leo nataka kuwasimulia ilivyokuwa. Kuna hesabu kidogo, lakini usikimbie, ni ya darasa la nane tu.

Kitambulisho

Mwaka huo chifu aliitisha baraza kutangaza kwamba wazee wataandikishwa katika mpango wa Inua Jamii. Serikali ilikuwa inajiandaa kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi, na malipo yakaanza mwaka 2018. Nyanya, mama yake baba, alijifunga leso yake nzuri akaenda na wenzake. Wenzake waliandikwa. Yeye alirudi na maneno, "Nimeambiwa mimi bado msichana."

Kitambulisho chake kilisema amezaliwa tarehe 1 Januari 1951. Kwa hiyo mwaka 2018 angekuwa na miaka 67, na angetimiza 70 mwaka 2021. Miaka mitatu ni miezi 36, na miezi 36 mara 2,000 ni shilingi 72,000. Kwa mtu anayenunua dawa ya presha kila mwezi na kuuza ndizi ili ainunue, hizo si pesa za kuacha zipite.

Hiyo tarehe ilitoka wapi? Wanawake wa rika lake walianza kupewa vitambulisho wakiwa tayari watu wazima wenye watoto. Karani aliuliza, "Ulizaliwa mwaka gani?" Nyanya akajibu alivyojua, kwamba alizaliwa mvua za masika. Karani akamtazama usoni, akakadiria, akaandika. Nyanya ni mwembamba na mfupi, hata leo ukimwona kwa mgongo unaweza kudhani ni mwanafunzi. Simlaumu karani yule. Fomu ilitaka nambari naye alitakiwa kuijaza.

Lakini nambari ile ilikuwa na kasoro ambayo hata mtoto angeiona. Shangazi yangu, kifungua mimba wa Nyanya, ana kadi ya ubatizo inayoonyesha alizaliwa Februari 1964. Nyanya mwenyewe husema alikuwa mjamzito wa huyo mtoto siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Desemba 1963, na akakataa kwenda kucheza kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Kama alizaliwa 1951, basi alimzaa shangazi akiwa na miaka 13. Na kwa kuwa aliolewa miaka miwili kabla, aliolewa akiwa na miaka 11. Nilipomuuliza, alicheka mpaka akashika ubavu.

Ile miaka miwili ana uhakika nayo kabisa. Ndiyo miaka aliyokaa bila mtoto huku mama mkwe akimsema jikoni kila asubuhi. "Masika mawili na vuli mbili," aliniambia, "nilizihesabu kwa machozi, nitasahauje?"

Kitendawili cha Babu Mwalimu

Tukajua kitambulisho kina makosa. Lakini kujua kwamba jibu ni la uongo si sawa na kuwa na jibu la kweli. Tungeandika mwaka gani? Nyanya hakubatizwa utotoni, kwa sababu alipozaliwa wazazi wake walikuwa bado hawajaingia kanisani. Hakusoma, kwa hiyo hakuna cheti cha shule. Aliyeweza kujua ni mdogo wake wa kiume, yule waliyeachiana ziwa, ambaye sisi tulimwita Babu Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka mingi. Bahati mbaya alifariki mwaka 2009.

Usiku ule sikulala vizuri, na katika kugeuka geuka kitandani nikakumbuka peremende.

Kila Desemba, sisi wajukuu tulipokusanyika, Babu Mwalimu alitupa kitendawili kimoja, kile kile kila mwaka, na anayeweza kukitatua bila kuonyeshwa na mwenzake alipata peremende. Mimi nilikipata nikiwa darasa la saba. Kilikuwa hivi:

"Siku dada yangu alipoolewa, umri wangu ulikuwa theluthi mbili ya umri wake. Miaka miwili baadaye alipata mtoto wake wa kwanza, na siku hiyo tulipojumlisha umri wetu tulipata miaka 34. Siku hiyo kila mmoja wetu alikuwa na miaka mingapi?"

Nililamba peremende yangu nikasahau. Kwa miaka zaidi ya ishirini haikunipitia akilini kuuliza: dada yake ni nani? Babu Mwalimu alikuwa na dada mmoja tu!

Kulitatua

Niliwasha taa nikachukua daftari. Tuseme siku shangazi alipozaliwa Nyanya alikuwa na miaka x, na Babu Mwalimu miaka y. Sentensi ya mwisho ya kitendawili ni rahisi:

x + y = 34

Sentensi ya kwanza inahusu siku ya arusi, miaka miwili nyuma. Hapa ndipo wengi hukosea, wanasahau kwamba miaka ikirudi nyuma inarudi kwa wote wawili. Nyanya alikuwa na x − 2 na ndugu yake y − 2:

y − 2 = ⅔ (x − 2)

Zidisha pande zote kwa 3 uondoe sehemu:

3y − 6 = 2x − 4
3y = 2x + 2

Sasa kutoka ule mstari wa kwanza y ni 34 − x. Iweke mahali pa y:

3(34 − x) = 2x + 2
102 − 3x = 2x + 2
100 = 5x
x = 20

Na y ni 14. Hakikisha: siku ya arusi walikuwa na 18 na 12, na theluthi mbili ya 18 ni 12. Sawa.

Basi mwaka 1964 Nyanya alikuwa na miaka 20, na kwa hiyo alizaliwa karibu mwaka 1944. Mwaka 2018 angekuwa na 74.

Wasomaji wangu wanaoandika programu najua mnafikiria nini, kwamba kompyuta ingefanya hivyo bila jasho. Ni kweli, niliandika pia:

for x in range(2, 101):
    for y in range(2, x):
        if x + y == 34 and 3*(y - 2) == 2*(x - 2):
            print(x, y)

Inajaribu jozi 4,851 za umri na kuchapisha moja tu: 20 14. Ni haraka kuliko kupiga chafya. Lakini endelea kusoma uone kwa nini daftari lilinifaa kuliko programu.

Je, kama mzee alitunga tu?

Asubuhi nilimwonyesha baba. Alisoma, akanyamaza, akauliza swali zuri, "Utajuaje kwamba mjomba hakutunga nambari ili ziwe nzuri?"

Sikuwa na jibu mpaka nilipoiangalia ile y. Kitendawili hakikunipa umri wa Nyanya peke yake, kilinipa na wa Babu Mwalimu pia: miaka 14 mwaka 1964, yaani alizaliwa karibu 1950. Na yeye, tofauti na dada yake, alikuwa na karatasi. Kufikia wakati anazaliwa wazazi walikuwa wameingia Ukatoliki. Tulipanda boda boda mimi na baba hadi kwa mjane wake. Alitoa sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani, chini ya vyeti vya ualimu, kulikuwa na kadi ya ubatizo kutoka misheni ya Nyabururu, ile iliyoanzishwa mwaka 1911 karibu na mji wa Kisii. Mwaka wa kuzaliwa: 1950.

Nakiri mikono ilinitetemeka kidogo. Kitendawili hakikutaja mwaka wowote, lakini kilitoa mwaka ulioandikwa kwenye kadi ambayo sikuwahi kuiona. Kama nusu moja ya jibu ni kweli kiasi hicho, nusu ya pili inastahili kuaminiwa.

Kuna ushahidi mwingine pia. Tofauti kati ya x na y ni miaka 6. Kwetu msichana anayebeba mtoto mama akiwa shambani huitwa omoreri, na Nyanya husema yeye ndiye aliyekuwa omoreri wa mdogo wake. Msichana wa miaka 6 kumbeba mtoto mgongoni ni jambo tuliloliona sote tukikua. Lakini kwa mujibu wa kitambulisho, Nyanya alizaliwa mwaka mmoja baada ya mtoto aliyembeba.

Na hapo ndipo nilipoelewa maswali ya umri yanategemea nini. Umri hubadilika kila mwaka. Uwiano nao hubadilika, leo ni theluthi mbili, kesho siyo. Lakini tofauti ya umri kati ya watu wawili haibadiliki kamwe. Nyanya hakujua mwaka wake wa kuzaliwa, lakini alijua alikuwa mkubwa kiasi cha kumbeba ndugu yake. Wazee wetu wengi wamehifadhi tofauti, si tarehe: "huyu aliponyonya mimi nilichunga ndama", "tulitahiriwa msimu mmoja". Ukipata mmoja wao mwenye karatasi, wote wanapata mwaka.

Kama kumbukumbu ina makosa

Sasa nirudi kwenye daftari. Programu yangu ilisema 20 ikanyamaza. Haikuniambia ingekuwaje kama Babu Mwalimu alikosea kujumlisha, au kama ile miaka miwili ilikuwa mitatu. Kwa hiyo nilirudia hesabu bila nambari. Jumla ya umri niliiita J, na miaka kati ya arusi na mtoto niliiita k. Fuata hatua zile zile utapata:

x = (3J − k) ÷ 5

Iangalie vizuri. Ukikosea k kwa mwaka mmoja, umri wa Nyanya unasogea kwa moja ya tano tu, miezi miwili na kidogo. Ukikosea J kwa mwaka mmoja unasogea kwa tatu ya tano, miezi saba hivi. Tuseme jumla ilikuwa popote kati ya 33 na 36, na k kati ya 1 na 3. Jibu linabaki kati ya miaka 19 na 22, yaani Nyanya alizaliwa kati ya 1942 na 1945.

Sasa geuza swali. Ili awe na 69 mwaka 2018, ingebidi awe na miaka 15 mwaka 1964. Weka k = 2 na utaona J ingebidi iwe 26 badala ya 34. Mwalimu wa hesabu angekosea kujumlisha umri wake na wa dada yake kwa miaka minane! Kwa hiyo sikuhitaji kujua mwaka kamili ili niwe na uhakika kwamba amepita 70.

Neno lenyewe aljebra lina historia inayofanana na hii. Karne ya 9, mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake lina maneno mawili, al-jabr na al-muqabala. La kwanza ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, hata kuunga mfupa, na mzizi wake ndio uliotupa jabari. La pili tunalo pia, mkabala, kuweka vitu viwili vitazamane, kama pande mbili za mlinganyo. Na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu kugawa mirathi. Hata yeye aliandika kwa ajili ya familia zilizokuwa na jambo la kutatua.

Ofisini

Usidhani nilipeleka mlinganyo ofisini nikapigiwa makofi. Karani aliutazama ukurasa wangu, akacheka, akasema, "Hii si ni ya darasa la nane?" akaurudisha. Ofisi hutaka karatasi. Lakini aljebra ilikuwa imetuonyesha ni karatasi zipi za kutafuta. Tungebaki tukitafuta kadi ya Nyanya, ambayo haikuwahi kuwepo, kumbe ushahidi ulikuwa kwenye sanduku la mdogo wake. Tulipeleka kadi mbili za ubatizo, barua ya chifu, na kiapo cha wazee wawili wanaomjua tangu utotoni. Tulienda mara tano, na mara mbili kati ya hizo tulikuta foleni tukarudi. Kitambulisho kipya kilitoka mwaka 2019, kimeandikwa 1944, na baadaye mwaka huo akaanza kupokea.

Siku tulipomletea alikuwa anachambua chinsaga mlangoni. Hakuuliza habari za pesa. Aliniambia, "Nisomee." Nikamsomea mwaka. "Na wa mdogo wangu?" Nikamwambia 1950. Akahesabu kwa vidole, polepole, mpaka sita. "Basi omochokoro," akasema, "sasa amekuwa mdogo wangu tena." Kisha akaendelea na mboga zake. Mimi nilikuwa nimeshughulika na shilingi 72,000 mwaka mzima, na sikujua kwamba kadi ile ilikuwa inamuudhi kwa sababu nyingine kabisa.

Dhambi yangu

Kwa sababu hapa ni mahali pa programu, wacha nimalize kwa kuungama. Miaka michache kabla ya haya yote niliandika mfumo wa kuandikisha wanachama wa chama fulani cha akiba. Fomu yangu ilidai siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na bila hivyo haikukubali kuendelea. Baadaye nilipochungulia hifadhidata nilikuta theluthi nzima ya wazee wamezaliwa tarehe 1 Januari. Nilicheka. Sikujua nimefanya kile kile alichofanya karani wa Nyanya, kulazimisha nambari mahali ambapo mtu alikuwa na habari ya aina nyingine.

Siku hizi nafanya mambo matatu. Kwanza, sihifadhi umri, nahifadhi mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu umri unaoza kila mwaka. Pili, naruhusu shaka. Kiwango cha ISO 8601-2 cha mwaka 2019 kinakuwezesha kuandika 1944~, maana yake karibu 1944, au [1942..1945], maana yake mmoja kati ya hiyo. Tatu, naweka ukaguzi mdogo: kama mama ana umri chini ya miaka kumi na kitu kuliko mtoto wake, programu isikatae, ila iulize. Mistari miwili tu, na Nyanya angeepuka safari tano.

Nyanya sasa amepita miaka 80 na bado anauza ndizi, ingawa tunamkataza.

Haya, zoezi la nyumbani, na usitumie programu. Nyanya alizaliwa 1944 na shangazi 1964. Ni mwaka gani Nyanya alikuwa na umri mara tano ya umri wa binti yake? Ni mwaka gani ulikuwa mara mbili? Na mara moja na nusu? Ukishapata, nenda ukamuulize mzee wa kwenu ni nani aliyembeba mgongoni, na uandike jibu lake mahali salama.